Tarumbeta la Mzee Kinjiro

Kila siku baada ya chakula cha mchana, Kazuyo hukaa kwenye cherehani yake na kushona mapazia ya watu. Mumewe huendesha lori na hurudi mwisho wa juma tu. Kwa hiyo siku nyingi nyumbani wanabaki wawili: Kazuyo na baba mkwe wake, Mzee Kinjiro.

Kwa miaka arobaini Mzee Kinjiro aliuza tofu, vile vipande laini vya maziwa ya soya yaliyogandishwa, katika mitaa ya Osaka. Alikokota baiskeli yenye sanduku nyuma, akipuliza tarumbeta dogo la shaba, na akina mama wakatoka na mabakuli yao. Sasa ana miaka themanini na mbili, na amekuwa msahaulifu sana. Huuliza mara tatu kama amekula. Wakati mwingine husimama mlangoni na viatu miguuni, akisema wateja wanamsubiri.

Kazuyo hakumwambia mtu. Aibu ilikuwepo, lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi. Bibi mmoja jirani alipoanza kusahau, alipelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mbali huko milimani. Kazuyo aliamini kwamba polisi wakijua, Baba naye atachukuliwa.

Jumatatu moja ya Januari kengele ya mlango ililia. Kazuyo alichungulia dirishani, akaona baiskeli nyeupe na kofia ya polisi. Alikuwa Afande Wakui, wa kile kituo kidogo cha polisi kwenye kona ya soko. Kila mwaka hupita nyumba kwa nyumba na kadi zake, akiuliza nani anaishi wapi, na nani apigiwe simu kukitokea shida. Watu wengi hujifanya hawapo, na Kazuyo alikuwa bingwa wa mchezo huo. Alizima redio, akasimamisha cherehani, akamnong'oneza mzee: "Baba, tulia. Mimi sipo."

Mzee akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Kisha akainuka, akaenda, akafungua mlango.

"Afande, mkwe wangu hayupo," alisema kwa adabu. "Ameniambia mwenyewe sasa hivi."

Afande Wakui aliinamisha kichwa ili kuficha kicheko. Akaacha kadi, akaomba mkwe akirudi aijaze. Kazuyo, nyuma ya mlango wa jikoni, alitamani ardhi ipasuke immeze. Ile kadi aliisukuma chini ya kopo la chai.

Alhamisi alitoka kupeleka mapazia kwa mteja. Alikaa dakika ishirini tu. Aliporudi, viatu vya mzee havikuwepo, na msumari wa kutundikia tarumbeta ulikuwa mtupu. Koti lake zito lilikuwa pale pale. Nje baridi ilikuwa kali.

Kazuyo alitafuta peke yake kwa saa moja na nusu. Vichochoroni alikutana na Bi Tamba, mwenyekiti wa chama cha majirani, akampita mbio. Bi Tamba alipouliza anatafuta nini, alijibu kwamba anatafuta uzi.

Mwishowe miguu ilimfikisha kwenye kituo cha kona. Alisimama nje. Akakutanisha viganja, kama afanyavyo kila asubuhi mbele ya picha ya marehemu mama mkwe wake, akamwomba amlinde mzee na ampe yeye ujasiri. Kisha akaingia.

"Afande, ile Jumatatu nilikuwepo."

"Najua, Mama. Niliisikia cherehani ikinyamaza. Kuna nini?"

Kazuyo alieleza huku akifuta machozi. Wakui aliandika upesi. Ametoka saa ngapi? Amevaa nini? Kuna picha yake ya karibuni? Zamani akiuza tofu alipita njia zipi? Kazuyo alishangaa kuulizwa hilo la mwisho. Wakui alimweleza kwamba wazee wengi wanaosahau hufuata njia za miaka yao ya kazi.

"Mtamchukua?" Kazuyo aliuliza.

"Kazi yangu ni kumrudisha kwako," Wakui alisema. "Ila simrudishi vizuri mtu ambaye sijui kwao ni wapi. Siku nyingine usingoje, hata dakika tano. Kila dakika anayotembea, mahali pa kutafuta panaongezeka."

Alipiga simu kituo kikuu ili magari ya doria yaangalie barabara kubwa. Kisha akatuma ujumbe kwa watu watatu: Bi Tamba wa vichochoro vya zamani, msimamizi wa maghorofa mapya ya kando ya mfereji, na Sarita, Mnepali mwenye mgahawa karibu na stesheni. Kila mmoja alikuwa na watu wake wa kuwaambia. Wakui alisema kwamba mtaa huu una lugha saba na yeye ana macho mawili, basi huazima ya wengine.

Bi Tamba alifika wa kwanza, akihema.

"Kumbe uzi wenyewe una miguu," alisema.

Kazuyo aliinama kuomba radhi, lakini Bi Tamba alimshika mkono. Marehemu mumewe naye alikuwa hivyo hivyo. "Ungeniambia mwaka jana, ningekuonyesha mahali pa kushona namba ya simu ndani ya koti. Na wewe ndiye fundi."

Hazikupita dakika kumi na tano, Sarita akapiga simu. Akimtafuta, amesikia tarumbeta kwenye maghorofa, na amemwona.

Walimkuta Mzee Kinjiro kwenye benchi uani, amefunikwa shali ya Sarita. Akina mama vijana wa maghorofa walimzunguka na mabakuli mikononi. Walisikia tarumbeta, wakashuka kununua, na mzee alikuwa amechukua oda zao zote.

"Kazuyo, umeichelewesha tofu," alisema kwa ukali. "Wateja wanapigwa na baridi."

"Mimi nimeagiza mbili," Sarita alisema, "na sitaki zilizovunjika."

Jioni ile Kazuyo aliijaza kadi. Wakui alimwonyesha kitambulisho chake na kumwambia asimwamini kila mwenye sare: aombe kitambulisho kwanza, kisha apige simu kituoni kuuliza kama kweli mtu huyo ametumwa. Kesho yake Bi Tamba naye alimpeleka ofisi ya kata. Huko alipata mahali ambapo mzee angeshinda siku mbili kwa juma, akiimba na wenzake na kurudi nyumbani jioni. Hakuna aliyetaja milima.

Kisha Wakui akatoa ombi. Kundi la majirani linalosindikiza watoto wa shule saa tisa alasiri lilikuwa na upungufu wa watu. Je, mzee angeweza kutangulia na tarumbeta?

Aliweza. Siku tatu kwa juma Mzee Kinjiro alitembea mbele na fulana ya kijani, Kazuyo kando yake. Tarumbeta likilia, watu walitoka kusalimia, na wa maghorofa wakajuana na wa vichochoroni. Mwezi wa nne mzee alitoroka tena, na ndara miguuni. Kabla Kazuyo hajajua, watu watatu walikuwa wameshampigia simu.

Januari iliyofuata kengele ya mlango ililia. Kazuyo alikuwa kwenye cherehani, akaendelea kushona. Mzee Kinjiro ndiye aliyefungua.

"Karibu, Afande," alisema. "Mkwe wangu leo yupo. Ameniambia mwenyewe sasa hivi."

Kazuyo akaenda kubandika maji ya chai.