Acha, Tumefika

Jumapili hiyo, jua likizama nyuma ya milima ya Bukavu, Bahizire alitoka uani kwake akikokota baiskeli. Kwenye kerio alikuwa amefunga gunia la mchanga, zito sawasawa na binti yake Antoinette.

Mkewe, Nyiraneza, alimtazama kutoka mlangoni. "Papa Antoinette, hata siku ya Mungu unabeba muchanga?"

"Huyu njo mutoto," Bahizire alijibu akicheka, akalipiga gunia kofi. "Kama huyu anapanda, na wetu atapanda."

Hakuwa na wazimu. Nyumba yao ilikuwa chini, Cyangugu, karibu na daraja la mpaka la Ruzizi. Shule ya Antoinette ilikuwa juu, Kamembe, na katikati kuna mlima unaomtoa mtu mzima ulimi nje. Antoinette alikuwa na pumu. Kifua chake kilipiga filimbi kila alipoupanda mlima ule, na siku nyingi safari iliishia njiani, mtoto amekaa kwenye jiwe, midomo imempauka. Miaka ile pikipiki za abiria zilikuwa bado chache. Nyiraneza alikuwa ameshaamua: akishindwa tena muhula huu, aende Gitambi kwa bibi yake, ambako shule iko nyuma ya nyumba. Bahizire hakutaka hata kulisikia neno hilo. Ndiye mtoto wake wa pekee, na nyumba bila yeye asingejua ni ya nini.

Basi akaigeukia baiskeli yake, moja ya zile za milimani zenye tairi nene, aliyoinunua imechoka. Alivuka mpaka hadi Bukavu akatafuta vipuri vya mtumba: duara dogo la meno la mbele, gia ya nyuma pana kama kisosi, na friwili iliyokwisha kumtumikia mtu mwingine. Jumamosi nzima alikaa uani, mikono myeusi hadi viwiko. Akaosha cheni kwa mafuta ya taa, akanyoosha rimu, akabadilisha mipira ya breki. Na alivyo mchomelea vyuma, mtu wa kujisifia mikono yake, majirani walizisikia habari za gia hizo mpaka wakachoka.

Siku za kazi, chini ya mlima ule hukaa wasukumaji. Ukija na mzigo kutoka mpakani, mmoja wao huinama nyuma yako, mikono kwenye kerio, na kusukuma. Humwoni. Unasikia pumzi yake tu. Haachi mpaka wewe unayesukumwa umwambie, "Acha, tumefika," kwa sababu mzigo ukiachwa katikati ya mlima hurudi nyuma na kuua. Mtu wa pembeni hata apige kelele namna gani, msukumaji hamsikilizi.

Jumapili jioni hapakuwa na msukumaji hata mmoja.

Bahizire alianza kupanda. Gia ilikuwa laini, na kwa kitambo alijiona mfalme. Kisha mlima ukaanza kudai haki yake. Mapaja yakawaka moto, jasho likamwingia machoni, gunia likawa linamvuta nyuma. Kwenye kona ya mikaratusi alijua kwamba ameshindwa. Mawazoni akamwona Antoinette amekaa juu ya lori la kwenda Gitambi, anapunga mkono.

"Yezu," alinong'ona. "Muntu anisaidie."

Baiskeli ikawa nyepesi.

Tik… tik… tik…

Ilikuwa friwili. Kila mwendesha baiskeli anajua kwamba friwili hulia kwenye mteremko, miguu ikipumzika. Ukikaza pedali, hunyamaza. Bahizire alikuwa anapanda, anakaza, na friwili inalia. Gurudumu lilikuwa linakwenda kasi kuliko miguu yake.

Tik-tik-tik-tik…

Harufu ikamjia kisogoni. Chumvi. Chumvi iliyolowa ndani ya gunia, na jasho la mtu.

Mwingine angegeuka. Yeye alicheka! Furaha ilimjaa mpaka ikamziba masikio. Alifika juu, mbele ya geti la shule, bila kutweta, akaibusu mikono yake miwili yenye grisi.

"Mikono hii!" alisema kwa sauti. Hakusema neno lingine.

Akageuza baiskeli na kushuka. Breki zilipiga kelele njia nzima, mipira ikanuka kuungua, na baiskeli ilikimbia kama haitaki kusimama. Alijiambia ni uzito wa mchanga.

Nyiraneza alikuwa bado mlangoni.

"Ulikuya na nani?"

"Niko peke yangu."

"Nasikia muntu anapumua nyuma yako."

Bahizire aligeuka. Uani hapakuwa na mtu. Ndani ya nyumba Antoinette alikuwa anakohoa, kikohozi kile kikavu cha jioni.

Ile sauti ya friwili ilikuwa bado inamkera. Akawasha taa, akaiinua baiskeli juu ya tofali, gunia likiwa bado kerioni, akafungua gurudumu la nyuma, akaifumua friwili juu ya kipande cha gazeti. Vijino vya ndani vilikuwa vizima, springi zake zinaruka vizuri. Akapaka grisi, akarudisha kila kitu mahali pake, akaiegemeza baiskeli ukutani, akaenda kunawa.

Krrr…

Akasimama, sabuni mkononi.

Krrr… krrr…

Ilikuwa plasta, inamomonyoka ukutani. Gurudumu la mbele lilikuwa limejibana kwenye ukuta, tairi limebonyea, usukani unapinda taratibu. Bahizire aliikamata baiskeli na kuivuta kwa nguvu zake zote za mchomelea vyuma. Haikusogea hata kidogo. Kwenye gunia la mchanga, lililokuwa bado juu ya kerio, palikuwa na alama mbili za viganja, mbichi, zimelowa. Aligusa moja.

Ilikuwa na joto.

Nyiraneza alikimbia nyumba ya pili kumwita Maman Mukankusi, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, mwanamke aliyepandisha chumvi kwenye mlima ule enzi za ujana wake. Mukankusi aliingia na beseni lake kichwani, akaitazama baiskeli, akanusa.

"Ulimuambia tumefika?" alimuuliza Bahizire kwa sauti ya chini.

"Nani?"

"Ule alikusukuma."

"Ilikuwa gia, maman." Hata yeye mwenyewe hakuyaamini maneno yake.

Mukankusi alitua beseni. "Zamani kulikuwa musukumaji, jina yake Ntabaza. Muntu wa nguvu. Siku moja mwenye kinga, baiskeli ya kubeba chumvi, alifika kule juu, akashuka kusalimia batu. Akamusahau, hakumuambia kitu. Ntabaza kichwa iko chini, anasukuma tu. Banasema alipita Kamembe yote, akaenda na ile kinga mupaka kwa pori ya Nyungwe. Kinga iliokotwa kwa barabara." Akaugusa usukani uliopinda. "Yeye, hapana."

Krrr… ukuta ulijibu.

"Na sasa, maman?"

"Sema. Weye njo ulisukumwa. Muntu mwingine hawezi kukusemea."

Bahizire aliona haya kuongea na hewa uani kwake, tena siku aliyotoka kupokea komunio. Lakini woga ulikuwa mkubwa kuliko haya.

"Acha," alisema. "Tumefika… Aksanti."

Baiskeli ikalegea na kuanguka chini kwa kishindo.

Na ndani ya nyumba, Antoinette akaacha kukohoa.

Kikohozi kilikatikia katikati. Waliingia mbio. Mtoto alikuwa amelala chali, mdomo umefungwa, kifua kimetulia, hakuna filimbi hata ndogo. Nyiraneza alipiga ishara ya msalaba, machozi yakimtiririka. Bahizire alipiga magoti kando ya kitanda akashukuru mara mbili: kwa kilichoondoka, na kwa mtoto aliyelala vizuri. Mukankusi peke yake ndiye hakushukuru. Alinusa tena, safari hii juu ya kitanda cha mtoto, akajitwika beseni lake, akatoka bila kuaga.

Asubuhi kulikuwa na ukungu kutoka ziwani, na wasukumaji walikuwa bado hawajafika. Bahizire aliunyoosha usukani, akalishusha gunia, akampandisha Antoinette kwenye kerio, na wakaanza mlima. Baiskeli ilikuwa nzito. Friwili ilikuwa kimya. Miguu ilimuuma, na maumivu hayo yalimfurahisha, kwa sababu yalikuwa yake. Nyuma yake mtoto hakukohoa hata mara moja.

Kwenye kona ya mikaratusi pumzi ilimwishia. Gia zilikuwa nzuri, kweli, lakini zilikuwa gia tu.

"Shuka kidogo, mama, papa apumue. Ukae kwa jiwe."

Antoinette alishuka. Hakukaa. Alisimama katikati ya barabara na mkoba wake, anatazama juu, kama anayesubiri kushikwa mkono. Kisha akaanza kutembea.

"Polepole, mama! Kifua!"

Akaanza kukimbia.

Bahizire hakuwahi kumwona mwanawe akikimbia kupanda mlima. Kwa kitambo kidogo moyo wake ulijaa furaha mpaka akataka kupiga makofi. Halafu upepo ukasogeza ukungu, akaona sare ya mtoto mgongoni. Kitambaa kilikuwa kimebonyea mahali pawili, chini ya mabega, upana wa viganja vya mtu mzima.

Harufu ya chumvi ikapita mbele ya uso wake.

"Acha!" alipiga kelele. "Acha, tumefika! Tumefika!"

Hakuna aliyemsikiliza. Hapo ndipo alipokumbuka maneno ya Mukankusi: aliyesukumwa ndiye husema.

"Antoinette! Muambie tumefika! Sema weye, mama! Sema!"

Mtoto aligeuza kichwa bila kupunguza mwendo. Mashavu yake yalikuwa na rangi nzuri ambayo baba yake hakuwahi kuiona. Alikuwa anapumua kwa pua, taratibu, kama mtu aliyekaa kwenye kiti, na alikuwa anatabasamu kwa furaha tupu.

"Hapana, papa," alisema. "Hatuyafika."

Bahizire alirukia baiskeli. Alikaza pedali mpaka akaonja damu mdomoni, macho kwenye ile sare inayopotea na kurudi ndani ya ukungu. Juu alisikia kengele ya shule, na kelele za watoto wakijipanga mistari. Aliliona geti, limefunguliwa wazi. Antoinette alilifikia.

Akalipita.

Baada ya geti barabara inaendelea kupanda, inapita Kamembe yote, inakwenda Nyungwe. Bahizire alikaza tena, akiita jina la mwanawe, na friwili ilikuwa kimya.