Kichupa cha Jirani

Kichupa kilitoka kwenye friji kikiwa na joto.

Mpimaji alivua glavu, akakigusa tena. Joto la mwili. Ilikuwa damu yake mwenyewe, aliyoitoa jana ikalala kando ya kichupa cha mdogo wake, mgonjwa wa ini aliyelazwa ghorofa ya juu. Ndio mtindo wa maabara ile: mfanyakazi mzima hutoa damu ya kulinganishia.

Walikuwa wakipima asidi ya hyaluroniki. Ini lililojaa makovu hushindwa kuisafisha, nayo huzidi kwenye damu.

Alivipima vyote viwili, akavirudisha kwenye friji. Majibu yalitoka. Damu ya mdogo wake ilikuwa safi. Yake ndiyo iliyozidi.

"Umechanganya vichupa, dada," alisema mwenzake waliyemwita Mzaha. "Damu nzito kuliko maji, lakini si hivyo!"

"Sijachanganya. Hebu sikiliza."

Ndani ya friji kitu kililamba, polepole. Mzaha akacheka, akaenda chumba cha pili. Harufu ya ini bichi ikatanda.

Simu ikalia. Mama, kutoka wodini.

"Mwanangu, mdogo wako kaomba chakula! Mganga kalitoa lile jini alfajiri."

"Kalipeleka wapi, mama?"

Mama akashusha sauti. "Kasema limehamia kwa jirani. Sikuuliza jirani gani."

Alishusha simu, na hapo hapo akasikia kucha zikipapasa chini ya mbavu zake za kulia, zikitafuta mahali pa kushika, zikapapata, zikaanza kuvuta bila haraka, huku kule kulamba, kulikokuwa ndani ya friji, sasa kukitoka ndani ya tumbo lake.

Mzaha alirudi amebana pamba kwenye kiwiko, akafungua friji.

"Mashine hiyo ni mbovu, nitakuonyesha. Nimetoa damu yangu, naiweka hapa kando ya yako. Mimi mzima kama chuma."

Kichupa kilikuwa bado mkononi mwa Mzaha. Neno moja tu, *usiweke*, lilifika kwenye ulimi wa mpimaji. Kucha zikalegea, kana kwamba zinamsubiri aamue.

Alilimeza.

Kichupa kiligusa rafu ya friji. Maumivu yakakatika. Harufu ikamhama.

"Umeona? Hata rangi imekurudia," alisema Mzaha, akisugua ubavu. Kisha akakigusa kichupa chake. "Dada, mbona hiki kinazidi kupata joto humu ndani ya friji?"