Miaka Miwili ya Nyongeza

Kila siku alipotoka shule, kabla hajavua sare, Karani alimkuta mteja kibarazani. Hilo halikuwa jina lake la darasani. Mtaa ndio uliompa, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa safi na hakuna fomu iliyomshinda. Leo shangazi wa nyumba ya tatu anataka barua ya kumpelekea mwenye nyumba, kesho fundi cherehani ana fomu ya leseni. Msichana huyu alikuwa darasa la sita tu, na sifa zilikuwa zimeanza kumpanda kichwani.

Uani, mama yake alioka mikate katika tanuri alilolitengeneza kwa pipa kuukuu. Mikate ilitoka myeusi upande mmoja na mibichi upande wa pili, naye kila mara aliguna. Mikono yake ilizoea tanuri la matofali la Mkahawa wa Saa, mkahawa wa jiji, mkongwe kuliko yote mjini, wenye saa kubwa juu ya mlango. Tanuri lile liliwashwa siku moja kabla ya kuoka, moto mdogo kwanza, ndipo likapata joto sawasawa. Ukiliharakisha, matofali yanapasuka. Mama alilihudumia kwa miaka kumi na minane, hadi ofisi ya jiji ilipoufunga mkahawa kwa ukarabati wa miezi sita. Miezi sita hiyo ilizaa miaka minne, na wafanyakazi wakapigwa danadana: njoo Jumatatu, mhusika yuko kikaoni, faili bado liko juu.

Hatimaye tangazo likabandikwa. Mkahawa utafunguliwa upya, na wafanyakazi wa zamani waliotumikia miaka ishirini au zaidi watarudishwa kazini. Mama alileta fomu nyumbani siku hiyohiyo.

"Mwanangu, niandikie. Miaka ya kazi, weka kumi na minane."

"Lakini mama, wanataka ishirini."

"Nimesikia. Wewe andika ukweli, tuone watasemaje."

Mama akarudi kwenye mikate yake. Karani akaitazama ile nafasi tupu. Miaka miwili ni kitu gani? Nani atahesabu? Aliandika ishirini, kwa tarakimu nzuri zilizosimama wima. Mama alipokuja kutia sahihi hakusoma hata mstari mmoja. Tangu lini mtu akamkagua mwanawe?

Wiki mbili baadaye ofisi ya jiji ikabadili kauli. Waliofikisha miaka ishirini walikuwa wachache, na wengi wao walishazeeka, kwa hiyo kiwango kikashushwa hadi miaka kumi na mitano. Mama alirudi kutoka sokoni akiwa amechangamka kama msichana.

"Umesikia? Kumi na mitano. Kumi na minane yangu inatosha na kubaki!"

Karani aliikumbuka ile ishirini aliyoiandika. Hapo angeweza kusema. Badala yake alijifariji kwamba ishirini nayo ni zaidi ya kumi na mitano, basi hakuna kilichoharibika. Akajitia hamnazo.

Orodha ilipotoka, walikwenda kuisoma pamoja na Mzee Trei, jirani yao, aliyekuwa mhudumu wa meza katika mkahawa ule mpaka akastaafu. Jina la mama lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu. Pembeni iliandikwa: ametoa taarifa za uongo. Kwenye nafasi ya mpishi wa tanuri aliwekwa mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Kucha, kwa ajili ya kucha zake ndefu za rangi. Alikuwa shemeji yake afisa aliyesimamia ufunguzi. Mbele ya jina lake palisomeka: miaka ishirini na mitatu kazini.

Mzee Trei alivua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Huyu ana miaka thelathini, kama imefika. Basi alianza kuoka mikate akiwa chekechea."

Watu waliokuwa pale walicheka, lakini mama hakucheka. Alikuwa bado anayatazama yale maneno mekundu.

"Alhamisi kuna kamati ya malalamiko," Mzee Trei alimwambia. "Nenda ukaseme, dada yangu. Unamjua kila mtu aliyewahi kukanyaga jiko lile."

Walipofika nyumbani mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema kwa sauti ya chini, "Uongo gani nimetoa mimi? Wamenipaka matope makusudi."

Karani alitamani kunyamaza, lakini kumwona mama akiwalaumu wengine kwa kosa lake kulimshinda. Alieleza yote, huku akitazama vidole vyake mwenyewe. Alitegemea kofi, na angalau kofi lingeisha. Mama hakumgusa.

"Kumbe," mama alisema. Kisha akanyanyuka kwenda kukanda unga.

Alhamisi walikwenda wote wawili. Chumba kilikuwa kidogo, kina feni isiyozunguka na mafaili mpaka dirishani. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sura ya kuchoka, na kando yake alikaa afisa mwenyewe. Mama alipoanza kumtaja Bi Kucha, afisa aliinua fomu yao juu.

"Mheshimiwa mwenyekiti, huyu mama amedanganya miaka yake. Daftari la mahudhurio tunalo hapa. Leo anakuja kuwasema wenzake?"

Mama aliitazama ile fomu, akainamisha kichwa. Karani hakuwahi kumwona mama yake akiinama hivyo mbele ya watu. Uchungu alioupata pale ulizidi hofu yake. Akasimama.

"Niliandika mimi. Mama aliniambia kumi na minane, nikaweka ishirini. Alitia sahihi bila kusoma kwa sababu aliniamini."

Afisa akatabasamu. "Mnaona? Hata wenyewe wanakiri."

"Wamekiri, ndiyo," mwenyekiti alijibu. "Na daftari linasema kumi na minane, kama alivyosema mtoto. Sasa nitafutie humohumo miaka ishirini na mitatu ya shemeji yako."

Afisa alipekua kurasa polepole. Alipekua hadi mwisho, akarudi mwanzo, na tabasamu likamtoka. Jina la Bi Kucha halikuwepo hata siku moja.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki. Bi Kucha aliondolewa kwenye tanuri, akapewa meza ya mapokezi. Mama alirudishwa tanurini, lakini kama kibarua wa miezi mitatu, kwa kuwa fomu yake ilikuwa na kasoro. Afisa hakuguswa. Siku ya ufunguzi alisimama chini ya ile saa kubwa akahutubia juu ya uwazi na haki, na wageni wakampigia makofi. Vibarua walikatazwa kukaa mbele. Mama na Karani walisikiliza hotuba wakiwa mlango wa jikoni, na tanuri lilikuwa tayari, kwani mama aliliwasha tangu jana yake.

"Mama, mbona yule hakufanywa kitu?" Karani aliuliza. "Uongo wake ni mkubwa kuliko wangu."

Mama alipangusa unga mikononi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma Karani zaidi.

"Yule ana watu wa kumfunika, mwanangu. Mimi na wewe hatuna. Tulichonacho ni kwamba wakifungua faili letu wakute maneno ya kweli, basi. Umekosea, ukakiri mbele ya watu wazima, na kwa hilo nimesimama hapa leo. Ungeandika kumi na minane siku ile, nisingeitwa kibarua." Alisikiliza makofi ya ukumbini. "Miaka niliyofanya kazi ilikuwa inatosha. Wewe ndiye uliyeona haitoshi."

Kisha akafungua mlango wa tanuri na kuanza kuingiza mikate.