Singa za Bibi Felista

Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya mlima Oldeani nilipofunga chupa ya chai kwenye kitambaa, nikambeba Hyasinta mgongoni, nikashika njia ya ghala. Kila Jumanne na Ijumaa niliwapelekea chai wapiga fidla waliofanya mazoezi pale. Ghala hilo ni la kahawa, la zamani, halitumiki tena, lakini kuta zake bado zinanukia maganda.

Walikuwa wanne. Padri mmoja mzee aliwafundisha wakiwa watoto, na alipoondoka aliwaachia vyombo vyake. Sabina, fundi cherehani, alipiga fidla ya kwanza. Patrisi, anayepogoa mibuni shambani, alipiga ya pili. Tobiko, Mmasai wa Enguserosambu anayelinda loji ya watalii, alipiga ile iliyo nene kidogo. Na mume wangu Wilibrodi alipiga sello, fidla kubwa inayosimamishwa katikati ya magoti, yenye sauti ya mwanamume mtu mzima. Jumamosi walipiga lojini wageni wakila. Zikitokea arusi walipiga kanisani.

Sello ilikuwa na sanduku la mbao za msindano, kazi ya seremala wa hapa kijijini. Wilibrodi alipolibeba begani, Tobiko hakukosa neno.

"Leo tunamzika nani, Baba Modest?"

Watu wa barabarani walicheka. Hata mimi nilicheka.

Mwezi wa nne seremala yuleyule alitengeneza sanduku jingine, dogo, kwa mbao zilezile.

Hakuna aliyetania tena.

Modest wangu alikuwa na miaka mitatu. Alikuwa hafikii komeo la mlango, basi akitoka kucheza alisimama nje na kuita kwa namna yake, sauti ikianzia chini, ikipanda, ikikatika kidogo mwishoni. Maama... fungua. Siku ile mvua ilikuwa inanyesha, nami nilikuwa namnyonyesha Hyasinta aliyekuwa na wiki mbili tu. Nikasema moyoni, ngoja huyu amalize. Modest aliita mara tatu. Nilipofungua alikuwa amelowa, meno yanagongana. Siku ya tano alikufa kwa nimonia. Daktari aliniambia si mvua iliyomuua. Alisema hivyo, nami nikaitikia.

Basi jioni ile ninayoieleza, Hyasinta alikuwa ametimiza miezi mitano. Nilipofika ghalani nilimkuta Sabina, Patrisi na Tobiko wamekaa nje, migongo ukutani, vyombo mapajani. Hakuna aliyekuwa akipiga.

Ndani, sello ilikuwa inalia peke yake.

Nilimimina chai. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Shemeji," Tobiko alinong'ona, "usiingie na mtoto."

Nilitaka kuuliza kwa nini. Ndipo nikasikia.

Maama...

Haikuwa sauti ya mtu. Ilikuwa sello, sauti mbili tu, ya pili ikapanda, ikakatika kidogo mwishoni.

Niliweka kikombe chini.

Niliingia. Mle ndani mlikuwa na mwanga mdogo wa dirishani. Nilisikia harufu ya ulimbo wanaopaka kwenye pinde zao, na harufu ya kahawa, kisha harufu ya tatu ikaja polepole... Ile dawa ya kuchua kifua, niliyompaka Modest siku zile tano. Wilibrodi alikuwa amefumba macho. Upinde ulikuwa unakwenda na kurudi juu ya nyuzi. Ulipokwenda, ilikuwa fidla kama fidla zote.

Uliporudi, alikuwa mwanangu.

"Unamsikia?" Wilibrodi aliuliza bila kufumbua macho. "Nilidhani ni mimi tu."

Mtu mwenye akili angekimbia. Mimi nilikaa juu ya gunia.

"Mwite tena," nikasema.

Sitaficha. Ijumaa nilirudi, na Jumanne iliyofuata nilirudi tena. Nilitoka nyumbani mapema, kabla hata chai haijachemka vizuri. Nilichukua kandambili ndogo za Modest, nikazishika mikononi wakati akiniita kutoka ndani ya mbao. Wale watatu walikaa nje na kunitazama nikipita. Jumanne ile Sabina alinishika mkono mlangoni, akasema ana neno na mimi. Nilimwambia baadaye. Niliutoa mkono wangu kwa adabu, nikaingia.

Wiki hiyo Hyasinta alikuwa mtulivu sana. Kabla ya hapo alikuwa na mazoea ya kupayuka tangu asubuhi, baba, baba, kama ndege. Sasa alinyamaza, nami nilimshukuru Mungu kwa kunipa nafasi ya kusikiliza.

Jumanne hiyo nilikuwa nimekaa kwenye gunia langu nilipohisi anajitupatupa mgongoni. Nikadhani amechoka. Nikatikisa mabega kumbembeleza. Akazidi. Niliposhuka chini na kumfungua, niliona siafu wamempanda miguuni kutoka kwenye gunia, wamemng'ata mpaka mapajani.

Mdomo wake ulikuwa wazi wote. Machozi yalikuwa yanatiririka mpaka masikioni. Ulimi unatetemeka.

Hakukuwa na sauti.

Nilimtoa nje mbio. Sabina alinisaidia kuwang'oa siafu mmoja mmoja, na muda wote ule mtoto alilia kimya, kama picha ya mtoto anayelia. Walipokwisha, Sabina aliniuliza kama najua singa, zile nywele ndefu za upinde wa mume wangu, zimetoka wapi.

Nilijua. Bibi Felista, bibi yake Wilibrodi, alikuwa na usinga wa singa ndefu nyeupe. Mtu akifa, familia ilimwita. Baada ya mazishi alifagia mlango kwa usinga ule ili marehemu aende zake kwa amani. Alipokaribia kufa, mwezi wa kwanza, aliagiza azikwe nao. Wilibrodi ndiye aliyepewa kazi ya kuuweka kaburini. Lakini upinde wake ulikuwa umenyonyoka, na singa za upinde haziuzwi Karatu, hata Arusha hakuzipata. Aliweka kaburini mpini, singa akaondoka nazo. Aliniambia akicheka kwamba huko alikokwenda Bibi hakuna nzi. Nami nilinyamaza, kwa sababu sello ilikuwa imeanza kulia vizuri.

"Nilimwona Bibi akifagia kwetu baba alipokufa," Sabina alisema kwa sauti ya chini. "Alifagia kutoka ndani kwenda nje. Akifika mwisho aliuinua usinga juu, akaanza upya. Hakuwahi kuurudisha ndani hata mara moja. Upinde wa fidla unakwenda na kurudi."

"Ukirudi unamleta Modest," nikasema.

"Ndiyo."

"Na ukienda?"

Alimtazama Hyasinta.

Nilimfunga mtoto mgongoni kwa nguvu. Patrisi alikuwa ameshaelewa. Alitoa kiunoni mkasi wake wa kupogolea mibuni, akanipa.

Ndani giza lilikuwa limeingia. Harufu ya dawa ya kifua ilikuwa kali mpaka macho yaliniwasha.

"Wilibrodi, acha."

"Leo yuko karibu, Mama Modest. Amefika mlangoni kabisa."

Nilimgeuzia mgongo ili amwone mtoto anavyolia bila sauti. Nilimsikia akivuta pumzi. Alimwona, najua alimwona, kwa sababu alianza kulia. Lakini upinde haukusimama.

"Mkono haunisikii," alinong'ona.

Sijui mpaka leo kama ulikuwa mkono au moyo.

Maama... fungua.

Mara ya kwanza niligeuka kutazama mlango.

Maama... fungua.

Mara ya pili nilisikia meno yake yakigongana.

Maama...

Nilipiga magoti mbele ya sello kama mtu anayemwinamia mtoto kumfuta kamasi. Nikaweka mdomo karibu na mbao. Zilikuwa zimelowa.

"Siwezi, mwanangu," nikamwambia. "Nimembeba mdogo wako."

Nikakata.

Singa zilikatika kwa mafungu, na kila fungu lilipokatika nilisikia tak, tak, kama komeo linalofungwa. La mwisho lilipokatika, Hyasinta alipiga ukelele mgongoni mwangu, mkali, wa hasira, wa kilio chote cha wiki nzima. Tobiko aliingia mbio, akasimama, akafunika uso wake kwa shuka. Wilibrodi alikuwa bado anausukuma ule mti mtupu juu ya nyuzi, unakwenda, unarudi, bila kutoa kitu.

Kesho yake tulizifukia singa zote kwenye kaburi la Bibi Felista. Sabina aliomba, sisi tukaitikia. Nilitafuta sana ghalani kama kuna unywele hata mmoja wa singa uliobaki sakafuni.

Sello imefungwa ndani ya sanduku lake, iko juu ya kabati. Watatu wale wanaendelea kupiga lojini. Tobiko anasema wageni hawajatambua kwamba kuna kinachokosekana. Wilibrodi anafanya kibarua shambani, anarudi, anakula, analala. Zamani alikuwa akiniita Mama Modest hata mbele ya watu walioniita Mama Hyasinta. Sasa haniiti.

Hyasinta ana mwaka mmoja na miezi minane. Anatembea. Alichelewa kusema, nasi hatukumharakisha.

Wiki iliyopita, jioni, nilikuwa napepeta mchele. Yeye alikuwa ndani pamoja nami, na Wilibrodi alikuwa anakula. Akaenda mpaka mlangoni, akasimama akitazama nje ambako mvua ilikuwa imeanza kudondoka.

"Maama..." akasema, sauti ikianzia chini, ikapanda, ikakatika kidogo mwishoni. "Fungua."

Sabina anasema watoto huiga. Anasema huenda mimi mwenyewe naita hivyo nikiwa napika, bila kujijua. Huenda. Mimi siwezi kuapa kwamba siiti.

Lakini Wilibrodi aliinua uso wake kutoka kwenye sahani. Alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu ule usiku wa mkasi, na akatabasamu.

Na mlango ulikuwa wazi.

Tangu siku hiyo siufungi. Baridi ya Oldeani inaingia mpaka kitandani, majirani wananiuliza kama siogopi fisi, nami nawajibu kwamba komeo limeharibika.