Mzee Sitati Hana Kiswahili Tena

"Sitaki hiyo barua yako ya kumfukuza baba, Mama Kibii! Kaa nayo!"

"Utaichukua, Nakhumicha. Baba yako amempiga Fancy kwa kikombe. Angalia jicho la huyo msichana."

Fancy, mlezi wa wazee, alikuwa ameketi kwenye benchi. Alikuwa ameshika kitambaa cha maji baridi kwenye jicho. Blauzi yake ilikuwa imelowa chai. Mzee Sitati, baba yake Nakhumicha, alikuwa kwenye kiti pembeni, akitazama sakafu.

"Baba yangu si mtu wa kupiga," Nakhumicha alisema. "Alikuwa mwalimu miaka thelathini. Hata kiboko alikuwa anaazima kwa mwalimu wa darasa lingine."

"Basi leo hakuazima. Alitumia kikombe."

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Saa moja kamili Nakhumicha alitakiwa kuwa kazini, kwenye shamba la maua. Vibarua wote wa mtaa wa Kamere wanajua sheria ya huko. Ukichelewa mara tatu, kazi inapewa mwingine. Yeye alikuwa ameshachelewa mara mbili.

Nakhumicha aliingiza mkono mfukoni. Alitoa kufuli jipya, akaliweka mezani kwa kishindo.

"Nililinunua jana, kwa sababu nilijua mtamfukuza. Mkimkataa, nitamfungia ndani mpaka jioni. Chumba hakina dirisha. Niambie wewe, Mama Kibii. Wewe ndiye mkurugenzi. Nifanye nini?"

Jina la mkurugenzi lilikuwa Jepkemboi. Watu walimwita Mama Kibii kwa jina la mwanawe. Miaka sita iliyopita alianzisha Shirika la Tukumbukane. Aliona wazee wenye ugonjwa wa kusahau, ule ambao madaktari huuita demensia, wakifungiwa vyumbani watoto wao wakienda kazini. Alikodi ukumbi. Akatafuta walezi. Wazee wakaja, wa kila kabila, kwa sababu Kamere ina watu wa kila kabila.

Sasa alitazama lile kufuli.

"Na huwa hasikii maagizo," Jepkemboi alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua. "Anaambiwa kaa, anasimama. Anaambiwa kunywa chai, anakataa. Alifundisha Kiswahili miaka thelathini, halafu anajifanya hakijui."

"Hajifanyi."

Aliyesema hivyo ni Gathogo, muuguzi wa zahanati, ambaye watu walimwita Daktari. Alikuja kila Jumatatu kupima wazee presha. Alikuwa mlangoni na mkoba wake, na alikuwa amesikia yote.

"Daktari, usiingilie," Jepkemboi alisema.

"Nitaingilia. Mama Kibii, huu ugonjwa unakula ubongo polepole. Mara nyingi lugha ambayo mtu alijifunza baadaye ndiyo inatoka kwanza. Ile aliyoanza nayo mgongoni mwa mama yake inabaki hadi mwisho. Mzee Sitati alijifunza Kiswahili shuleni. Kimetoka. Amebaki na Kibukusu."

"Nyumbani tunaongea Kibukusu," Nakhumicha alisema. "Huko hanisumbui sana. Nikimleta hapa hakuna wa kuongea naye, kwa sababu ya huo ubao wenu."

Wote walitazama ukutani. Ubao ulikuwa juu ya mlango wa jikoni, na maandishi mekundu: HAPA KISWAHILI PEKEE.

"Na kitu kingine," Gathogo aliendelea. "Mgonjwa kama huyu akibadilika ghafla, akianza kupiga watu, usiseme ni jeuri. Tafuta maumivu kwanza. Inaweza kuwa jino. Inaweza kuwa sikio, tumbo au mkojo. Anaumwa, na hana maneno ya kukuambia. Nakhumicha, amekuambia anaumwa wapi?"

"Hapana. Ananiambia nitoke chumbani. Mimi ni binti yake, Daktari. Mambo ya mwili wake hawezi kuniambia hata akiwa anakufa."

"Basi tunataka mwanaume anayejua lugha yake. Nani hapa anajua Kibukusu?"

Fancy aliondoa kitambaa kwenye jicho. "Quincy wa getini," alisema.

Quincy, mlinzi, aliitwa. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na mitano, mwenye koti refu la kijani. Alisimama mbali na Mzee Sitati, akavua kofia.

"Quincy, muulize mzee anaumwa wapi," Gathogo alisema.

Quincy hakusogea. Alimtazama Jepkemboi.

"Madam, nina ruhusa? Mwezi wa pili ulinipa barua ya onyo. Nilikuwa nimemsalimia tu kwa Kibukusu."

Jepkemboi alikumbuka. Aliiandika barua ile kwa mkono wake.

Hakuwa ameweka ubao ule kwa ubaya. Mwaka wa 2008, watu walipokuwa wakichomeana nyumba baada ya uchaguzi, mume wake Jonah alisimamishwa barabarani. Vijana walimwambia atoe salamu kwa lugha yao. Jonah alikuwa fundi wa mabomba. Alijua lugha ya mama yake na Kiswahili, basi. Alirudishwa kwa Jepkemboi akiwa maiti, amefunikwa shuka. Tangu siku hiyo Jepkemboi aliapa kwamba mahali atakapoongoza yeye, hakuna mtu atakayepimwa kwa lugha yake. Hata yeye mwenyewe hakutamka Kikalenjin ndani ya ukumbi ule.

Na sasa mtu mzima alikuwa mbele yake, kofia mkononi, akiomba ruhusa ya kumsalimia mzee.

"Muulize," alisema.

Quincy alichuchumaa mbele ya kiti. "Papa," aliita, yaani baba, kwa sauti ya chini. Kisha akaendelea kwa Kibukusu.

Mzee Sitati aliinua kichwa. Alimtazama mlinzi kama mtu anayeona taa mbali. Halafu akaanza kuongea. Maneno yalitoka haraka, yakipandana. Alimshika Quincy kola ya koti asiondoke. Machozi yalimtoka.

Nakhumicha aligeuka akatazama ukuta. Alielewa kila neno.

"Anasema nini?" Jepkemboi aliuliza.

"Anasema akienda haja ndogo, anaungua kama moto. Anasema ndiyo sababu hataki chai. Akinywa, atakwenda. Akienda, ataungua. Anasema amewaambia kila siku, na nyinyi mnazidi kumsukumia kikombe mdomoni."

Fancy alifunika uso. "Uwiii, Mzee. Nisamehe. Nilidhani unanitukana."

"Quincy," Jepkemboi alisema, "wewe ulikuwa unamsikia?"

"Wiki nzima, Madam. Alikuwa analia tu anaungua, haonyeshi wapi. Ningemuuliza, lakini niliogopa kufutwa."

Gathogo alimpa Quincy chupa ndogo, naye akamsindikiza mzee chooni. Waliporudi, Gathogo alichovya karatasi ya kupimia ndani ya mkojo. Rangi ilibadilika.

"Ana maambukizi," alisema. "Haya tunayatibu. Ugonjwa wa kusahau hatuwezi kuuponya, nisiwadanganye. Utazidi. Lakini haya maumivu hakupaswa kuwa nayo."

"Nakhumicha, kimbia kazini," Jepkemboi alisema. "Quincy atampeleka zahanati. Geti nitashika mimi."

"Na barua?"

Jepkemboi aliirarua mara mbili. Nakhumicha alitoka mbio. Kufuli lilibaki mezani.

Saa nne Quincy na Mzee Sitati walirudi na dawa. Quincy alimweleza mzee kwa Kibukusu kazi ya kidonge, na kwamba ni lazima anywe maji mengi ili moto upungue. Mzee alimeza kidonge. Akanywa kikombe kizima, polepole, akipumzika kidogo kila baada ya funda. Fancy ndiye aliyemshikia kikombe.

Jepkemboi aliwaita walezi wote.

"Ile sheria niliitunga mimi," alisema. "Nilitaka iwalinde watu. Imemuumiza mzee, imemfunga Quincy mdomo. Kuanzia sasa kila mzee ataongeleshwa kwa lugha anayoisikia. Leo hii tunaandika orodha ya wazee na lugha zao, na nani wetu anazijua. Tukikosa mtu, nitamtafuta."

"Na ubao, Madam?" Fancy aliuliza.

Jepkemboi alileta nyundo kutoka stoo. Alipanda juu ya benchi, mwenyewe, akang'oa misumari minne. Ubao uliacha alama nyeupe ukutani. Aliushusha, akaulaza chini kifudifudi.

Kisha akaenda kwenye kona. Kogo Cherop, ajuza wa Kikalenjin, alikuwa ameketi pale penye dirisha lililo wazi, kama kila siku. Tangu Januari hakuwa ametamka neno, na walezi walisema ameshafika mwisho.

Jepkemboi aliinama.

"Chamgei, kogo," alimsalimia kwa lugha yao: hujambo, nyanya.

Ajuza hakugeuka. Kisha midomo ile mikavu ikasogea.

"Chamgei mising," aliitikia salamu.

Cherop alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa kama barafu. Alisema maneno machache tu, kwa Kikalenjin, bila hasira. Alisema anasikia baridi. Alisema upepo huu unampiga tangu walipomweka hapa.

Jepkemboi alisimama akafunga dirisha.