Nilimwambia Mdogo Wangu Barua Yake Ni ya Matapeli

Nina umri wa miaka arobaini na mmoja. Ninaishi Birmingham, mtaa wa Newtown, katika nyumba ya kaunsili, yaani ya halmashauri ya jiji, yenye vyumba viwili. Mume tuliachana zamani. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao: kuwaamsha, kuwaogesha, kuwabadilisha nepi, kuwapa chai na dawa, kisha kukimbilia basi kwenda kwa mwingine.

Ni kazi halali na leo siionei haya. Lakini kwa miaka tisa niliionea haya mno... na haya hiyo ndiyo iliyonifanya nimtendee mdogo wangu wa tumbo moja jambo ambalo hata adui yangu nisingemtendea.

Wasomaji wenzangu, msinihurumie. Nisomeni tu.

Kwetu ni Taita, si mbali na Voi. Nilikuja Uingereza kusomea uuguzi. Kijiji kizima kilinisindikiza kwa nyimbo. Mwaka wa pili nilianguka mitihani, nikarudia, nikaanguka tena, nikaondolewa chuoni. Nilimwambia nani? Hakuna! Niliolewa na Mkenya mwenye uraia wa hapa, nikapata karatasi zangu, ndoa ikavunjika, nikaingia kazi ya ulezi.

Siku Mama aliponiuliza kama nimemaliza masomo, nilisema ndiyo. Neno moja tu. Nikamtumia picha nikiwa na sare yangu ya buluu ya ulezi. Yeye angejuaje tofauti? Aliitia fremu akaitundika sebuleni. Kanisani wakaanza kuniita Sista Wakesho, kama wauguzi wanavyoitwa. Uongo ukishaitikiwa na kanisa zima, utaurudishaje mdomoni?

Mdogo wangu anaitwa Mghoi. Nimempita miaka minane. Yeye alisomea uuguzi kwa sababu yangu, ili awe kama Dada! Tofauti ni kwamba yeye alifaulu. Akaajiriwa hospitali ya kaunti, wodi ya wazazi, akaolewa na mwalimu mmoja mpole anayeitwa Mwakio, wakajaliwa watoto wawili. Kitinda mimba wao, Mwadime, alikuwa na miaka mitatu wakati mkasa huu unaanza.

Mghoi alipotaka kuja Uingereza hakutafuta njia ya mkato. Alifanya mtihani wa Kiingereza. Akafanya mtihani wa wauguzi wa kwenye kompyuta kule Nairobi, akapita mara ya kwanza. Alisoma usiku baada ya zamu, mtoto mgongoni. Ilimchukua karibu miaka miwili. Mwishowe hospitali moja ya hapa ilimhoji kwa video, ikamtumia barua ya kazi.

Nilikuwa kwenye kituo cha basi aliponipigia.

"Dada! Nimepata! Tena ni huko huko kwako Birmingham! Tutavaa sare moja!"

Nilipiga kigelegele pale pale kituoni, watu wakanigeukia. Lakini ndani nilikuwa baridi kama maiti. Mghoi aje awe nesi, Birmingham? Aulize ninafanya wodi gani? Awaulize wenzake kama wanamfahamu dada yake?

Akaendelea, kwa sauti ya mtu anayeniamini kabisa: "Lakini Dada, matapeli wamekuwa wengi siku hizi. Wewe uko hapo, unajua mambo ya hospitali. Niulizie kama barua ni ya kweli kabla sijasaini. Wamenipa wiki mbili."

Nilipiga simu. Ndiyo, nilipiga! Mama wa ofisi ya ajira alinijibu kwa adabu. Jina la Mghoi alikuwa nalo. Alisema wodi inamsubiri, na kwamba kwa kuwa anakuja kama muuguzi angeweza kuwaleta mume na watoto. Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema mimi ni dada yake. Akanipongeza.

Niliketi kitandani na simu mkononi kwa muda mrefu. Kisha nikampigia mdogo wangu.

"Nimewapigia," nikamwambia. "Hawakujui. Hiyo barua ni ya matapeli."

 Halafu nikamsikia akilia... kilio cha chini, cha mtu asiyetaka watoto wasikie. Na mnajua aliniambia nini?

"Asante, Dada. Umeniokoa."

Siku hiyo nilipaswa kufa kwa aibu. Sikufa. Nilimwambia azifunge namba zote zilizomwandikia, asijibu kitu. Wiki mbili zikapita, nafasi ikapewa mwingine.

Mngedhani niliishia hapo. Sikuishia! Nilijua Mghoi hatatulia, angeomba hospitali nyingine, na safari hiyo huenda asingeniuliza. Basi nikamtafutia njia ya kumtoa kwenye uuguzi kabisa. Kulikuwa na kampuni ndogo ya ulezi kule mtaa wa Aston, ofisi yake juu ya duka la simu, mwenyewe Mkenya mwenzetu. Alikuwa akitoa barua za udhamini wa viza kwa watu wa nyumbani. Alisema Mghoi angepelekwa mji mwingine, apewe na chumba. Nikaona hapo ndipo. Angekuja Uingereza kama alivyotaka, lakini kama mlezi, mbali na hospitali na mbali nami. Na niseme ukweli wote: moyoni nilitaka abaki chini yangu.

Mtu mmoja alinikataza. Ni Sahra, Msomali aliyekulia Garissa, tunafanya kazi pamoja. Nilipomwambia, aliweka chini kikombe chake.

"Wewe Wakesho, uko sawa kweli? Ile kampuni haina kazi! Watu wako na viza na wanakaa tu kwa nyumba, wanangoja kupigiwa simu. Halafu siku hizi mlezi haruhusiwi kuleta watoto, hujui? Sista yako ni nesi mzima, amepita mtihani. Mbona umpitishe dirishani na mlango uko wazi?"

Nilimjibu kwamba Mghoi mwenyewe ndiye amechoka kungoja. Uongo mwingine.

Kwa Mghoi nilisema kinyume cha yote. Nilimwambia njia ya wauguzi ni ndefu, kwamba ukifika kuna mtihani wa vitendo na wengi huanguka wakarudishwa. Nilimwambia aje kwa ulezi, na uuguzi atauendeleza akiwa hapa. "Na watoto?" akaniuliza. Nikasema atawaita baadaye. Baadaye ipi? Nilijua hakuna baadaye!

Aliacha kazi yake ya kudumu. Akawaacha watoto na Mama. Nilimpokea uwanja wa ndege, akanikumbatia akanusa shingo yangu kama alipokuwa mdogo.

Mji mwingine haukuwapo. Chumba hakikuwapo. Akaja kukaa kwangu. Shifti zenyewe alipata mbili kwa wiki, wiki nyingine hakuna. Alikuwa akivaa sare tangu asubuhi, anaketi kwenye kochi na simu mapajani, anangoja. Mimi kila siku natoka nikimwambia, "Naenda hospitali." Yeye anaitikia, "Kazi njema, Dada." Hebu fikirini! Muuguzi wa kweli ameketi nyumbani bila kazi, na asiye muuguzi anatoka akijiita muuguzi.

Uongo huo ulikwisha saa nne asubuhi, kwenye lifti ya ghorofa moja ya mtaa wa Ladywood. Nilikuwa nimetoka kwa mzee wangu wa orofa ya tisa, glavu mkononi na mfuko wa nepi chafu. Lifti ilifunguliwa, Mghoi akawa yumo ndani. Alikuwa amepewa shifti ya ghafla kwa bibi mmoja wa orofa ya juu.

Alitazama mfuko. Akatazama kitambulisho changu kifuani, kilichoandikwa jina langu na neno mlezi.

"Dada," akasema taratibu, "hospitali yako ndiyo hii?"

Niliingia na mfuko wangu. Tulishuka orofa zote tisa. Yeye alikuwa ametoka kwa bibi huyo, naye anashuka. Tulipofika chini akanishika mkono wenye glavu chafu, hakujali. "Kazi si aibu. Mbona hukuniambia tu? Ulidhani ningekucheka?"

Alinisamehe papo hapo, ndani ya dakika moja! Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya kusema na lile la barua. Mdomo ulifunguka... nikasema tu, "Nisamehe." Akadhani ninaomba msamaha wa uongo wa unesi.

Miezi michache baadaye kampuni ya Aston ilinyang'anywa leseni ya udhamini. Mwenye kampuni hakupokea tena simu. Mghoi akapata barua ya uhamiaji: atafute mdhamini mpya ndani ya siku sitini, la sivyo aondoke nchini.

Alizunguka mji huu mpaka soli za viatu zikaachia. Kampuni za ulezi zilitaka mwenye gari na leseni ya hapa. Hospitali zilitaka aliyekwisha kufanya mtihani wa vitendo, na nafasi za mtihani zilikuwa miezi mbele. Jioni anampigia Mwadime kwa video. Mtoto anakataa kuja kwenye simu. Siku moja tulimsikia akimwambia bibi yake, "Mama, mimi simtaki huyo." Aliyemwita Mama ni bibi. Aliyemwita huyo ni mamake mzazi.

Mghoi alizima simu, akaingia bafuni akafungulia maji. Mimi nilibaki jikoni nikikoroga uji uliokwisha kuiva.

Zikiwa zimebaki kama wiki tatu, akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alichukua ile barua ya zamani, akaenda nayo mwenyewe hospitalini. Alitaka tu kuwaonya, eti kuna matapeli wanatumia jina lao. Ndivyo alivyo Mghoi.

Alirudi alasiri. Hakuvua koti. Aliketi mbele yangu mezani.

"Barua ilikuwa ya kweli, ila nafasi ilijazwa zamani," akasema. "Mama wa ofisi anakukumbuka. Aliandika kwenye faili: dada wa mwombaji amepiga simu, ameelezwa kila kitu." "Dada, nataka kujua kitu kimoja. Kwa nini?"

Nilimwambia yote. Chuo, picha, kanisa, woga. Nililia, nikapiga magoti. Yeye hakulia. Alinisikiliza kama muuguzi anavyomsikiliza mgonjwa, mpaka nikamaliza.

"Basi ni kwa ajili ya picha ya ukutani," akasema. "Wanangu wangekuwa hapa. Mwadime angekuwa hapa na mimi... na ni picha."

Akaenda chumbani kufunga begi. Wiki zilizobaki alizimalizia kwa Sahra, niliyemjulisha naye baada ya siku ya lifti. Sikuitwa hata kumsindikiza. Sahra ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege, na aliporudi kazini alipita mbele yangu bila salamu. Mpaka leo ananisalimia kwa kichwa tu.

Nyumbani, nafasi ya Mghoi hospitali ya kaunti ilikuwa imejazwa. Anafanya kazi zahanati ya mtu binafsi, tena ya muda. Mwakio ananiambia Mwadime alichukua miezi kabla ya kukubali kulala karibu na mamake. Na ule mlango wa Uingereza kwa walezi kutoka nje nao umeshafungwa. Hata yule aliyetaka kufuata njia niliyomwonyesha hawezi tena.

Mama nilimpigia mwenyewe. Sikumtuma mtu. Nilimweleza kila neno. Mwishowe akauliza, "Mghoi anajua kwamba umeniambia?" Nikasema hapana. "Basi mwambie," akasema, kisha akakata. Nilimwandikia Mghoi siku hiyo hiyo. Alijibu baada ya siku nne, mstari mmoja: "Nimeanza kuomba tena hospitali. Safari hii sikuulizi kitu."

Niliusoma mara nyingi. Uliniuma, lakini pia nilifurahi... Kweli nilifurahi! Asiniulize. Ana haki.

Wewe unayetaka kuja huku kwa kazi au masomo, sikia sauti ya mwenye dhambi. Kama una ujuzi wako, ushike. Njia yenye mitihani ni ndefu lakini ndiyo inayofika. Barua ukipata, ihakikishe mwenyewe: tafuta namba ya ofisi husika wewe mwenyewe, piga wewe, uliza wewe. Uliza kama watoto wataruhusiwa. Uliza kampuni ina kazi kweli au ina karatasi tu. Usimwachie mtu kazi hiyo kwa kuwa mlinyonya ziwa moja. Mimi nilinyonya ziwa moja na Mghoi.

Na ninyi wenzangu mlio huku, mnaotuma picha za koti zuri na kuficha ndoo na dekio, nawasihi kwa machozi: semeni ukweli mapema, uongo ukiwa bado mdogo. Waambieni watu wenu mnafanya nini. Watacheka wiki moja, watasahau. Uongo wangu haukunila mimi. Ulimla mdogo wangu, ukamla na mtoto wa miaka mitatu asiyejua hata Birmingham iko wapi.