Namfahamu, Yuko Hai

Foleni ya wastaafu ilianzia dirishani, ikakata kona ya ukumbi, ikashuka ngazi hadi barabarani. Kila mwaka wazee waliitwa waje kuthibitisha kwamba bado wanapumua, na kila mwaka waliopumua kwa shida ndio waliosimama zaidi.

"Weka kidole tena, mzee," alisema binti wa dirishani.

Mzee akaweka. Shati lake la kaki lilikuwa limepigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, vifungo vyote hadi kooni. Mashine ikawaka taa nyekundu.

"Havisomeki."

"Vimeliwa na nyuzi, mwanangu. Maisha yangu yote nimekuwa fundi wa kiwanda cha pamba."

"Mashine inasema haikutambui."

"Basi iulize unaongea na nani."

Nyuma yake akacheka mwanamke. Gauni la kijani, viatu vyeupe, nywele zimetiwa rangi nyeusi tii kwa ukaidi. "Marehemu, sogea basi tupite sisi tulio hai."

Mzee akageuka, akamtazama kuanzia viatu kupanda juu, bila haraka. "Pita, bibie. Nimekufa mwili tu, macho bado."

Binti hakucheka. Asiyesomeka vidole, akaeleza, alete shahidi wa kusema kwamba anamfahamu. Mzee akatazama foleni yote. Wenzake wa kiwandani, waliobaki, hawakuwapo. Mwanamke akasogea, akaegemeza kiwiko dirishani.

"Namfahamu. Yuko hai."

"Unamfahamu tangu lini, mama?"

"Tangu aliponikanyaga kiatu pale kwenye ngazi. Maiti hakanyagi mtu."

Hivyo ndivyo walivyoanza, dirishani pa watu wanaoshukiwa kufa.

Mwanamke yule alikuwa opereta wa simu enzi zile mtu akitaka kuongea na mji wa pili lazima apitie kwenye sikio la binti wa watu. Wenzake walimwita Mama Laini, na jina likamfuata hadi ustaafuni. Sasa alikuwa akiandaa mikutano ya wastaafu, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, katika ukumbi ulio juu ya maktaba: chai, biskuti, stori, halafu mgeni mzungumzaji. Amekuja daktari wa magoti. Amekuja mfuga nyuki. Amekuja kijana wa kuwafundisha kutuma picha kwa simu, akaondoka amechoka kuliko wao. Mama Laini hakushindwa na mtu. Akitaka mgeni, atampata, hata kama mgeni ana makatibu watatu wa kumficha.

Na mkutano ule ulikuwa na sheria yake. Mgeni akimaliza, mwanachama mmoja husimama kutoa neno la shukrani, na neno hilo hufungwa kwa swali moja. Mgeni haketi mpaka amelijibu.

Fundi alihudhuria mara ya kwanza kwa sababu ya gauni la kijani, mara ya pili kwa sababu ya biskuti, alivyodai. Baada ya hapo hakutafuta kisingizio. Jioni simu ikilia, alikuwa ameshakaa karibu nayo.

"Umekula, Fundi?"

"Nimekula. Wewe je, laazizi?"

"Laazizi. Mzee mzima huoni haya."

"Haya niliziacha kiwandani pamoja na alama za vidole."

Katika simu hizo ndipo Fundi alipomsimulia habari za moto. Milango ya kiwanda ilikuwa ikifungwa kwa nje kila zamu ilipokwisha, kwa amri ya mkuu wa utumishi, ili wafanyakazi wapekuliwe mmoja mmoja wasije wakaiba nyuzi. Alasiri moja, milango imefungwa hivyo, pamba ikashika moto. Fundi alikuwa uani akitengeneza pampu. Mdogo wake wa mwisho alikuwa ndani, chumba cha kuchambulia.

"Tulipiga mlango kwa nondo mpaka mikono ikachubuka. Nilimsikia akiniita kaka. Halafu sikumsikia."

"Na mkuu wa utumishi?"

"Alituma shada la maua. Tume ikakaa kwenye chumba kilichofungwa, ikatoka na karatasi iliyofungwa. Mimi nilikwenda getini kwake mara nyingi kumwuliza neno moja tu: funguo zilikuwa wapi? Walinzi walinijua kwa sura."

Mama Laini aliibana simu sikioni. Alijua namna ya kusikiliza. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Wakubwa wana dawa moja kwa kila swali: huliacha lizeeke pamoja na mwulizaji, hadi wote wawili wazikwe. Dawa hiyo ilikuwa imefanya kazi vizuri kwa muda mrefu sana.

Kifua cha Fundi kilikuwa kinabana. Pamba aliyoivuta ujanani ilikuwa inadai nafasi yake. Bintiye, mwalimu wa mji wa mbali, alitaka kuja kumchukua mwisho wa mwezi.

"Nisikilize," Fundi alisema simuni. "Sina maneno mengi. Ukikubali tuoane, nabaki, tufie hapa hapa tukigombania biskuti. Ukikataa, napanda gari la mwanangu. Sitakulaumu."

"Jibu nitakupa Jumamosi, mgeni akimaliza. Na neno la shukrani safari hii ni lako. Vaa shati jeupe."

"Mgeni ni nani?"

"Wewe vaa shati jeupe."

Akavaa. Alipanda ngazi za maktaba akipumzika kila baada ya hatua chache, kola ikimkata shingo, moyo wake kama wa kijana. Akafika mlangoni, akamwona Mama Laini mbele, ameinama, anatabasamu, anammiminia maji mzee mmoja mwenye suti ya kijivu. Mzee yule alikuwa amepungua mwili, lakini Fundi angemtambua mkuu wa utumishi hata kaburini. Ubaoni paliandikwa: KUZEEKA KWA AMANI.

Mama Laini akanyanyua uso, akaona mgongo wa shati jeupe ukishuka ngazi.

Hakuweza kumkimbilia, kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake na ukumbi umejaa. Aliketi akasikiliza habari za kuzeeka kwa amani kutoka kwa mtu aliyeuza amani ya wenzake kwa jumla na rejareja. Kisha akasimama yeye, mahali pa Fundi.

"Tunakushukuru mgeni wetu. Swali ni moja. Siku ya moto, funguo za kiwanda zilikuwa wapi?"

Mgeni akatabasamu, akatazama mlango. Akasema ni mambo ya zamani. Hakuna aliyepiga makofi. Akataka kuketi, mwenyekiti akamwambia kwa upole, bado. Akashika ukingo wa meza. Ukumbi wa wazee una subira, hawana pa kuwahi.

"Mfukoni mwangu," akasema mwishowe. "Nilikuwa mjini, kwenye chakula."

Aliyepaswa kuisikia sauti ile hakuwapo.

Simu ya Fundi iliita jioni hiyo na kila jioni iliyofuata. Mara moja ikapokelewa na bintiye, aliyetangulia kuja kumfungia mizigo.

"Mama, shikamoo. Baba anasema amelala."

"Marahaba. Amelala, na bado amekwambia amelala?"

Binti akaaga haraka. Mwisho wa mwezi gari likaja, likawachukua wote wawili.

Wiki zikapita. Asubuhi moja simu ya Mama Laini ikaita, ni binti wa Fundi. "Mama, njoo. Anamwulizia yule anayeshuhudia watu."

Alivaa gauni la kijani akapanda basi la kwanza. Fundi alikuwa kwenye kitanda cha mjukuu, chini ya dirisha, mito mitatu mgongoni.

"Ulimpa maji," akasema, kabla ya salamu.

"Nilitaka koo lake lisikauke kabla hujamwuliza. Miezi mitatu nilimtafuta yule mtu, Fundi. Nikamsifu mpaka ulimi ukaniuma. Kwa ajili ya neno lako la shukrani."

Fundi akaanza kucheka, kicheko kikawa kikohozi, Mama Laini akamshikia kifua hadi kikatulia.

"Alijibu?"

"Mfukoni mwake. Alikuwa kwenye chakula."

Fundi akafumba macho. Nje watoto wa jirani walipiga mpira ukutani, wakapiga, wakapiga.

"Mfukoni," akasema. "Mimi mpumbavu. Ningebaki, ningelisikia mwenyewe."

"Mimi ndiye mpumbavu. Ningekwambia."

"Na lile jibu langu?"

"Lilikuwa ndiyo. Lilikuwa ndiyo tangu pale dirishani."

Akauchukua mkono wake, akausugua kwa vidole vile visivyo na alama. "Basi nivalishe shati jeupe," akasema. "Kesho tumwite wa kutufungisha."

Shati lilipigwa pasi, likatundikwa mlangoni. Kesho yake Fundi hakuamka.

Mwaka ulipogeuka, Fundi aliitwa tena kuja kuthibitisha kwamba yuko hai. Mama Laini akaenda badala yake, pamoja na binti wa Fundi na cheti cha kifo. Foleni ilikuwa ile ile, binti wa dirishani yule yule.

"Uhusiano wako na marehemu, mama? Mke?"

Mama Laini akafikiri. "Andika shahidi."

"Pole sana. Basi weka na wewe kidole chako, nikumalizie."

Akaweka. Mashine haikusita, taa ya kijani ikawaka papo hapo.

"Uko hai, mama," binti akasema. "Anayefuata."